Baba wa Kwenye Ukurasa

Jumatatu, 4 Machi

Daftari hili nimeliokota kwenye pipa la taka nyuma ya darasa la nne. Kurasa tatu za mwanzo zina hesabu za kugawanya za mtoto fulani, zote zimekosewa, alama nyekundu juu mpaka chini. Baada ya hapo naona alikata tamaa. Naanzia alipoachia yeye.

Mimi niliishia darasa la tano. Binti yangu yuko la sita, ameshanipita. Namwita Bibi Mdogo kwa kuwa ana jina la marehemu mama yangu. Nikimtumia ujumbe kwenye simu ya mama yake, kwanza hunirudishia ukiwa umesahihishwa, ndipo ananijibu. Nimeona nizoeze mkono, nisirudi nyumbani mjinga kuliko nilivyotoka.

Nyumbani ni safari ya siku mbili kwa basi. Hapa tuko vibarua wawili, mimi na Futi, mwashi ambaye futi yake ya mbao ya kupimia haitoki mfukoni hata akilala. Tumeletwa kujenga vyoo sita vya wanafunzi, maana vya zamani vilititia mvua zilizopita. Tunalala stoo, saruji upande huu, sisi upande ule. Saruji imewekewa mbao chini isipate unyevu. Sisi tuko sakafuni.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Shimo limejaa. Tumechota maji kwa ndoo kutwa nzima.

Ijumaa, 8 Machi

Leo Mwalimu Mkuu ameita watu wote ukumbini, mpaka mpishi, mpaka sisi. Ni mama wa makamo, mpole wa maneno, kila mwanamume anamwita kaka yangu. Amesema watoto wanapungua kila muhula. Wazazi wa siku hizi hawaji getini kuuliza, wanachagua shule kwenye simu wakiwa wamekaa kwao.

"Shule ya barabara ya juu haitushindi kufundisha," akasema. "Inatushinda kuonekana."

Akamsimamisha msichana mwenye kamera shingoni na simu mbili mkononi. Huyo ndiye atatutengenezea jina kwenye mitandao. Sisi tumeshampa lake, tunamwita Kamera.

Kumbe ukurasa wa shule ulikuwepo. Kamera aliuonyesha ukutani kwa mwanga: picha moja tu, tangazo la kufunga shule la miaka miwili iliyopita, limepigwa kichwa chini miguu juu. Chini yake mtu ameuliza, "Mpo?" Hakuna aliyemjibu mpaka leo. Walimu walicheka. Mwalimu Mkuu hakucheka.

"Kuanzia sasa," akasema, "atakayetuandikia chochote ajibiwe ndani ya saa moja."

Jumatatu, 11 Machi

Kazi ya vyoo imesimamishwa. Tumeambiwa tujenge kwanza ukuta karibu na geti, mahali pa kupigia picha, kwa matofali yaleyale ya vyoo.

Futi aliuliza, "Mwalimu, na watoto wakibanwa?"

"Watatumia cha walimu kwa muda, kaka yangu. Wazazi wakija, hata vyoo ishirini tutajenga."

Futi akatoa futi yake, akapima hewa. "Haya," akasema. "Tuanze kujenga picha."

Alhamisi, 14 Machi

Ukuta umesimama. Umepigwa plasta na rangi ya bluu upande mmoja tu, unaotazama geti. Nyuma matofali yako uchi, mvua inayalamba. Nilipouliza, Kamera alisema, "Mjomba, nyuma nani anapiga picha?"

Jumamosi, 16 Machi

Siku ya picha. Tumehamisha madawati mazima ya madarasa matatu tukayapanga darasa moja. Kamera alichagua watoto wenye sweta zisizo na matundu, akawakaliza wawili wawili. Wenye sweta mbovu aliwasimamisha nyuma ya jengo, waimbe, maana sauti zao nazo zinahitajika. Nilisimama nao huko, nikishika mwavuli. Waliimba vizuri kuliko siku zote. Mmoja aliniuliza, "Babu, na sisi tutaonekana?" Nikamwambia mtasikika.

Nina miaka arobaini na mmoja. Ananiita babu.

Jumatano, 20 Machi

Mvua. Mstari wa choo cha walimu umefika mpaka jikoni.

Jumamosi, 23 Machi

Leo naandika mengi, maana nimefanya jambo nisilolielewa vizuri.

Kamera alitaka mzazi wa kuisifu shule kwenye video. Waliitwa kumi, wakaja watatu. Wa kwanza alipoona kamera aliaga, akasema ameacha chungu motoni. Wa pili alitetemeka mpaka akasahau jina la mtoto wake. Wa tatu, mama mmoja mnene asiyeogopa mtu, aliambiwa ataje kitu ambacho mwanawe anakiona hapa na hakioni nyumbani. Akasema, "Foleni ya choo." Video yake ikafutwa palepale.

Nilikuwa napita na toroli la mchanga. Kamera akanitazama, akainamisha kichwa huku na huku kama mtu anayechagua nazi. "Mjomba, una sura ya mzazi."

"Ni mzazi," nikamwambia.

Mwalimu Mkuu akaniita ofisini, akanikalisha kwenye kiti cha wageni na suruali yangu ya saruji. Akanimiminia chai kwa mkono wake. Akasema vyoo vikiisha shule itahitaji fundi wa kudumu wa matengenezo, mwenye chumba chake hapahapa. Na mtoto wa mfanyakazi wa kudumu husoma bure.

"Una watoto wangapi, kaka yangu?"

"Mmoja. Wa kike. Yuko la sita."

"Anafanyaje darasani?"

Nikamwambia habari za ujumbe unaorudi umesahihishwa. Alicheka mpaka akafuta macho. Akasema mtoto kama huyo anapotea kule. Kweli anapotea. Darasa lao lina mwalimu mmoja kwa watoto tisini, na la saba hawana kabisa. Mwakani angelazimika kwenda kukaa kwa watu ili asome, au aache.

"Basi Januari atakuwa hapa," akasema. "Ukisema leo kwamba mwanao anasoma hapa, hujadanganya. Umetanguliza tu."

Nikavishwa koti la mhasibu. Mikono ya koti ilikuwa mifupi, na vidole vyangu vina nyufa zilizojaa saruji, kwa hiyo Kamera akaniambia niweke mikono mfukoni. Nikasimama mbele ya ukuta niliojenga mwenyewe, nikasema maneno aliyoniandikia: "Mwanangu anasoma hapa. Kila jioni ananisimulia alichojifunza. Kama mzazi, nimetulia."

Nilisema mara moja tu, sikukosea. Kamera alisema, "Sijawahi kuona mtu aliyeumbwa kwa kazi hii kama wewe, mjomba."

Sikumwambia mama yake Bibi Mdogo. Nataka siku nikiwapigia, niwe na barua mkononi.

Jumapili, 24 Machi

Nimefua. Hakikauki kitu.

Jumatano, 27 Machi

Kamera amekuja mbio mpaka shimoni na viatu vyake vyeupe. Video yangu imetazamwa mara elfu kumi na mbili. Watu wanaandika chini yake, wanauliza ada, wanauliza basi la shule. Kila mmoja anajibiwa papo hapo kwa maneno yaleyale. Jibu amelitunga mara moja akalifungia humo, na simu inalituma yenyewe hata yeye akiwa anakula. Ndivyo alivyotimiza ile saa moja ya Mwalimu Mkuu.

Futi sasa ananiita Mheshimiwa Mzazi. "Mheshimiwa Mzazi, lete zege."

Jumanne, 2 Aprili

Wazazi wapya wamejaa getini na miavuli yao. Nilipita na kokoto kichwani, baba mmoja akanishika bega. "Wewe si yule wa kwenye ukurasa? Mwanao yuko darasa gani?"

Nikasema la sita.

Akatazama kokoto, akanitazama mimi, akasema, "Hongera. Baba anayejitolea shuleni kwa mwanawe." Akaniomba tupige picha.

Mchana Mwalimu Mkuu akaagiza kwamba, kuanzia saa mbili mpaka saa kumi, mimi nitumie njia ya nyuma. Uso wangu uko getini kutwa, kwenye bango. Mwenyewe natoka kwa tundu la ua kama kuku.

Vyoo bado. Tumejenga kituo cha mapokezi.

Ijumaa, 5 Aprili

Nimepiga simu nyumbani mara tatu. Inaita, haipokelewi. Nikadhani ni mvua imeharibu mtandao.

Jumamosi, 6 Aprili

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, amenipigia. Hanipigii ila kuna msiba.

"Shemeji, hongera."

"Ya nini?"

"Ya mtoto. Tumemsikia. Kila jioni anakusimulia."

Nikaanza kueleza. Nikaeleza ukuta, koti, chai. Aliniacha nimalize, kisha akasema, "Sasa shemeji, unasema umelipwa nini?"

"Sijalipwa. Nimeahidiwa."

"Basi hata uongo wenyewe hujui kuuza," akakata.

Jumapili, 7 Aprili

Simu yangu ni ya vitufe, haionyeshi video. Leo nimemwomba Futi yake. Tukakaa juu ya mifuko ya saruji, tukasoma yaliyoandikwa chini ya video kuanzia juu. Ni mamia. Wengi wanasifu. Mmoja anasema baba huyu amenyooka, unaona machoni. Futi alikuwa anacheka, halafu akaacha, akanipa simu.

Jina lilikuwa la mke wangu, lakini mke wangu haweki nukta mahali pake. Imeandikwa hivi:

"Shikamoo, baba. Mimi pia nikirudi shule huwa nina mengi ya kukusimulia."

Na chini yake jibu la shule, lenye maua matatu:

"Asante kwa kutufuatilia, mzazi mpendwa! Nafasi bado zipo. Karibu utembelee shule yetu ujionee."

Ilikuwa ya siku kumi nyuma. Mwanangu alinisalimia mbele ya watu elfu ishirini, siku kumi nzima, na aliyemwitikia ni mashine.

Nikapiga. Mara hii mama yake akapokea. Nikasema yote, haraka haraka, kama mtu anayezima moto.

Akasema, "Wanaume wanadanganya kwamba hawana mtoto. Nimewasikia wengi. Wewe ndiye wa kwanza kudanganya kwamba unaye."

"Nimekwambia, mtoto mwenyewe ni huyuhuyu wetu. Nilikuwa namtanguliza."

"Anasoma huko, anakusimulia kila jioni, na hapa yuko nani? Na mbona mikono ulificha? Mtu mkweli hazungumzi mikono ikiwa mfukoni."

Nikamwambia ilikuwa na saruji.

"Hiyo saruji ndiyo ningeijua," akasema.

Nikaomba niongee na mtoto. Nikasikia akimwita. Nikasikia Bibi Mdogo akijibu kwa mbali, sauti ya kawaida kabisa, kwamba ana kazi ya shule.

Jumatatu, 8 Aprili

Asubuhi nilipita getini, njia ya mbele, nikaenda ofisini kwa Kamera. Nilimwambia aondoe video. Alisikitika kweli, sitamsingizia. Alisoma maneno ya mtoto mara mbili, akaziba mdomo. Akasema video hawezi bila Mwalimu Mkuu.

Mwalimu Mkuu naye akasikitika. Akasema, "Kaka yangu, video hii ndiyo imeleta nusu ya watoto wapya. Nikiing'oa leo watauliza imekwenda wapi. Lakini hili la mtoto tutalimaliza, usiwe na wasiwasi. Rudi kazini."

Nikarudi. Nilidhani wataandika jibu la kweli. Nilifikiri hata maneno yake, nikiwa nachanganya zege: mwanafunzi mpendwa, baba yako ni kibarua wetu, alisaidia tu, hana mtoto mwingine. Siyo maneno mengi.

Saa sita Kamera akaja na tabasamu. "Mjomba, nimeshalimaliza. Nimeufuta ujumbe wake, na nimemfungia asiweze kuandika tena. Hakuna atakayeuona."

Nilikuwa nimeshika koleo. Nikaliweka chini kwanza.

Nikamwambia, "Dada, unajua yeye atadhani nani ameufuta?"

Akasema hawezi kuurudisha, ukishafutwa umekwenda.

Jumanne, 9 Aprili

Ujumbe kutoka simu ya nyumbani: "Nimeona umeufuta salamu yangu. Samahani kwa kukusumbua kazini."

Nikauandika upya kwa kuusahihisha, kama anavyonifanyia. Palikuwa na kosa moja, umeufuta badala ya umeifuta. Yeye hajawahi kukosea hapo. Sikumtumia.

Jumatano, 10 Aprili

Mvua.

Alhamisi, 11 Aprili

Mvua. Ukuta wa picha umeanza kulowa kutokea nyuma. Bluu inavimba vipele. Kamera ametuomba tuupake tena. Futi akamwambia, "Dada, ugonjwa uko mgongoni, wewe unampaka poda usoni."

Ijumaa, 12 Aprili

Leo nimeitwa kupewa barua. Fundi wa matengenezo, wa kudumu, chumba kimoja. Nikaisoma polepole mpaka mwisho, nikaigeuza, nikatazama nyuma. Nyuma hapakuwa na kitu.

"Mwalimu, sijaona habari ya mtoto."

Akavua miwani. "Hilo ndilo lililonikosesha raha, kaka yangu. La saba limejaa. La sita limejaa. Nina watoto wa kulipa ambao nimewaandika kwenye orodha ya kusubiri. Nafasi za watoto wa wafanyakazi kamati imezisimamisha kwa mwaka huu na ujao."

"Uliniambia Januari."

"Nilipokuambia Januari nilikuwa na madawati matupu." Akatazama dirishani, huko kwenye foleni ya miavuli. "Umetujazia shule wewe mwenyewe. Ungefanya kazi vibaya kidogo, mwanao angepata pa kukaa."

Nadhani alitaka nicheke. Nikamrudishia barua. Akaniambia nisikasirike, niipe siku mbili. Nikamwambia ampe Futi.

Futi alikuja baadaye, amevua kofia, anazungusha futi yake kama mtoto anayetaka kuomba ruhusa. "Ndugu yangu, nikiichukua utanichukia?"

"Chukua. Wewe una watoto wakubwa."

"Nitavimaliza vile vyoo," akasema. "Hata kwa matofali ya ule ukuta."

Jumamosi, 13 Aprili

Nimemwomba Futi anichukue video kwa simu yake. Si mbele ya ukuta. Nyuma yake, kwenye matofali yanayovuja, na shimo la vyoo likionekana. Nimevaa shati langu. Mikono nimeinua mbele ya kifua, pande zote mbili, kama mtu anayekaguliwa kucha. Nikasema mimi ni kibarua, mwanangu ni mmoja duniani, hasomi hapa, na sikufuta salamu yake. Tukatuma kwa simu ya mke wangu.

Saa nzima baadaye mama yake akajibu: "Siku hizi unajua kuongea mbele ya kamera. Hii nayo nani amekuandikia?"

Jumapili, 14 Aprili

Nimefunga mfuko. Kesho basi. Nitaondoka kwa geti la mbele.

Jumanne, 16 Aprili

Nimefika mchana. Majirani wamenipokea kama tajiri, mmoja ananiuliza nafasi za shule. Mke wangu alinipa maji ya kunawa, akanimiminia mwenyewe, akanitazama vidole kimoja kimoja. Alipomaliza alinipa na sabuni.

Bibi Mdogo alirudi shule saa kumi, amelowa. Ameongezeka kimo.

"Shikamoo," akasema. Ikaishia hapo, neno la pili halikufuata.

"Marahaba. Habari za shule?"

"Nzuri."

Jumatano, 17 Aprili

Nimekaa naye mezani jioni, nikamuuliza wamejifunza nini. Akasema, "Mengi," akafungua kitabu. Nilisubiri mpaka akakifunga.

Sikuwa na neno jipya la kumweleza, yote nilishayasema kwa simu na kwa video, na kila nikisema napata sura ya msemaji. Nikimaliza kuandika hapa nitampa daftari hili. Nitamwambia nimeliandika mwenyewe, makosa ni yangu, asome akipenda.

Ijumaa, 19 Aprili

Nimelikuta mezani leo, yeye ameshakwenda shule. Nje mvua imekatika.

Zile hesabu za mwanzo, za yule mtoto asiyejulikana, amezifanya upya zote pembeni kwa penseli, zote zimepata. Halafu amenisahihisha mimi, kwa kalamu nyekundu, kuanzia tarehe nne. Herufi kubwa, nukta, maneno niliyoyaunganisha. Tarehe nane Aprili hajagusa. Tarehe tisa, pale kwenye kosa lake, ameweka vema.

Ukurasa wa tarehe ishirini na tatu, maneno yale ya ukutani, hayana kosa la tahajia hata moja. Ameyakata yote kwa mstari mmoja ulionyooka. Chini yake ameandika kama mwalimu wao anavyowaandikia: "Si kweli. Rudia."

Nimekaa hapa tangu alipotoka, kalamu mkononi. Atarudi saa kumi.